Riba Kanisani: Sheria ya Mungu Ikibadilika, Hubadilika Vipi?

  

Ndugu msomaji, nilipoingia chuo kikuu nilikataa kuchukua mkopo wa masomo kwa sababu ya riba. Sisemi haya kujisifu, manake aliyelipa karo si mimi. Ni baba na wajomba zangu wawili, na mmoja wao hunikumbusha kila Idd. Mwenzangu wa chumbani hosteli ni Mkatoliki wa kutoka Bungoma. Yeye mkopo aliuchukua, na mamake nyumbani alikuwa na mkopo wake mwengine, wa biashara ya mahindi, ambao ulikuwa umeanza kumshinda. Usiku mmoja wa Ramadhan nimerudi kutoka tarawehe namkuta ameketi kitandani na Biblia yake ya Kiswahili, amefungua kitabu cha Kutoka mlango wa 22.

"Ustadh, mbona hapa kumeandikwa riba?" akaniuliza. "Hili si neno lenu nyinyi?"

Kweli, neno ni hilo hilo. Musa anaambiwa kwamba mtu akimkopesha maskini miongoni mwa watu wa Mungu, asimtoze riba. Mwenzangu alikuwa amekwenda misa tangu utotoni na hakuwahi kusikia mahubiri juu ya aya hiyo hata siku moja. Akataka kujua: sheria hii iliondolewa lini, na nani aliiondoa?

Mimi kwa mazoea nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Sisi tuliokua tukisikiliza kanda za mihadhara tunalijua: Wakristo wamebadilisha sheria za Mungu, basi, kwisha. Lakini huyu hakuuliza ili tubishane. Aliuliza kwa ajili ya mamake. Nikaona haya kumjibu kwa maneno ya kanda. Nikamwambia, bwana, nipe muda. Muda wenyewe ulikwenda Ramadhan nzima na nusu ya Shawwal, na maktaba ya chuo ikanizoea. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kabla ya kumnyooshea mtu kidole

Kwanza tuweke sawa jambo moja. Kwamba sheria ya Mungu yaweza kubadilika kutoka kwa mtume mmoja hadi mwengine, hilo si la Wakristo peke yao. Katika Surat Aal-Imran, aya ya 50, tunasoma kwamba Nabii Isa (A.S.) alikuja kuisadikisha Taurati na vilevile kuwahalalishia Wana wa Israili baadhi ya yale waliyokuwa wameharamishiwa. Na katika uhai wa Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe hukumu zilibadilika. Waislamu walisali kuelekea Baitul-Maqdis kwa miezi 16 au 17 baada ya Hijra, kisha Qibla kikageuzwa Makka. Saumu ya Ashura ilitangulia, halafu Ramadhan hii tunayofunga ikafaradhishwa mwaka wa 2 Hijria. Ulevi ulikatazwa hatua kwa hatua. Maulamaa wanaita naskh. Mtume (S.A.W.) alipofariki mwaka wa 11 Hijria, yaani 632, mlango huo ukafungwa. Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani akamcheka Mkristo ati Mungu wake hubadilisha sheria, ajue kisima anachochimba na yeye atatumbukia.

Wakristo nao wana mlango wao uliofungwa. Kwao ufunuo ulikamilika kwa Yesu na mitume wake. Baada ya mtume wa mwisho kufa, hakuna padri wala Papa anayeweza kudai amepokea amri mpya. Basi swali linagawanyika mara mbili. La kwanza: sheria ya Musa ilibadilikaje alipokuja Yesu? La pili, ambalo ndilo zito: baada ya mlango kufungwa, mbona mambo yaliendelea kubadilika?

La kwanza lilizuka mapema sana, mnamo mwaka wa 49 hivi, katika mji wa Antiokia. Kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 15, kinaeleza kwamba watu walishuka kutoka Yudea wakafundisha kuwa asiyetahiriwa kwa desturi ya Musa hawezi kuokoka. Paulo na Barnaba wakapinga, mzozo ukawa mkubwa, ikabidi wapande Yerusalemu kwa mitume na wazee. Petro alisema, Yakobo akatoa uamuzi: wale wasiokuwa Wayahudi wasitwishwe mzigo wote wa Taurati, ila wajiepushe na mambo manne, yaani vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati. Tahiri ikawaondokea. Na huku Injili ya Mathayo, mlango wa 5, inamnukuu Yesu akisema hakuja kuitangua Taurati. Kushika yote mawili kwa mkono mmoja si kazi nyepesi.

Aliyetafuta njia ya mkato ni Marcion, tajiri wa meli aliyehamia Roma. Yeye alisema Mungu wa Taurati ni mwengine na Baba wa Yesu ni mwengine, kwa hivyo Taurati yote itupwe. Mwaka wa 144 kanisa la Roma likamfukuza. Mimi naona huu ni uamuzi mkubwa kuliko unavyosemwa, kwa sababu hapo Kanisa lilijifunga lenyewe. Mungu ni mmoja na Taurati ni yake. Basi lazima uelezee kwa nini sehemu yake haufuati.

Maelezo yaliyokuja kushika sana kwa Wakatoliki ni ya Thomas Aquinas (1225–1274), mwanachuoni ambaye alisoma kazi za Ibn Sina na Ibn Rushd na kuzijadili kwa kirefu. Aligawanya sheria za Musa mafungu matatu. Ziko za maadili, kama kutoua na kutoiba. Hizi ni za watu wote na nyakati zote. Ziko za ibada, kama sadaka za wanyama na vyakula najisi. Hizi zilikuwa kivuli cha jambo litakalokuja, na lilipokuja zikakoma. Na ziko za hukumu, za kuendesha taifa la Israili. Hizi zilikoma pamoja na dola yao, ingawa mtawala akipenda anaweza kuzitumia.

Hata hivyo mpaka baina ya mafungu hayo haukuwa wazi kama inavyoonekana kwenye karatasi. Chukua hiyo damu iliyokatazwa na mitume wenyewe. Mtaguso wa Trullo, mwaka 692, ambao Waorthodoksi wanaufuata, bado ulikataza kula damu. Mtaguso wa Florence ukasema mwaka 1442 kwamba katazo hilo lilikuwa na sababu yake, yaani kuwaunganisha Wayahudi na wasiokuwa Wayahudi, na sababu ikiondoka hukumu nayo inaondoka. Na hapa jirani yetu Ethiopia, nchi ya Najashi aliyewahifadhi Waislamu wa mwanzo, Kanisa la Orthodoksi mpaka leo hutahiri watoto wa kiume siku ya nane na halili nguruwe. Mwaka 1450, chini ya mfalme Zara Yaqob, mtaguso wao wa Debre Mitmaq ulithibitisha kuheshimu Jumamosi pamoja na Jumapili. Wote hao wanasoma kitabu kimoja.

Riba iliwekwa fungu gani?

Sasa turudi kwa mama wa Bungoma. Kama riba ingewekwa fungu la ibada, pamoja na nguruwe, hadithi ingeishia hapo. Lakini haikuwekwa huko. Kwa zaidi ya miaka elfu moja Kanisa lilisema riba ni dhulma kwa asili yake, fungu moja na wizi.

Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, ule ule uliotoa kanuni ya imani, katika kanuni yake ya 17 uliamuru kwamba kasisi anayechukua riba avuliwe daraja. Kanuni inaitaja kabisa riba ya moja kwa mia kila mwezi, yaani asilimia 12 kwa mwaka, kiwango ambacho sheria ya dola ya Kirumi ilikiruhusu. Waumini wa kawaida hawakuguswa na kanuni hiyo. Mwaka 443 Papa Leo wa Kwanza akawalaumu na wao. Mwaka 789 mfalme Charlemagne akaikataza kwa raia wake wote. Kisha mitaguso ikawa inafuatana, kila mmoja mkali kuliko uliopita. Laterano wa Pili, 1139, ukaitangaza kuwa ni aibu. Laterano wa Tatu, 1179, ukasema mla riba anayejulikana asipewe komunyo, na akifa asizikwe kwa maziko ya Kikristo. Lyon, 1274, ukakataza hata kuwapangisha nyumba wala riba wa kigeni. Na Vienne, 1311 hadi 1312, ukafika mwisho wa ngazi: anayeshikilia kwamba kula riba si dhambi aadhibiwe kama mzushi wa dini.

Hebu fikiria maana yake. Si kwamba riba ni mbaya tu. Kule kusema kwamba si mbaya ni kutoka nje ya imani.

Hoja ya Aquinas ilikuwa hivi. Nyumba unaweza kuipangisha, kwa sababu matumizi yake ni kitu kimoja na nyumba yenyewe ni kitu chengine. Mpangaji akihama, nyumba ipo. Lakini divai huwezi kuiuza kisha ukatoza tena malipo ya kuinywa, manake kuitumia ni kuimaliza. Pesa nazo, alisema, kuzitumia ni kuziachia ziende. Anayedai arudishiwe pesa zake na juu yake malipo ya kuzitumia anauza kitu kisichokuwepo. Palibaki Kumbukumbu la Torati mlango wa 23, ambapo Muisraili anaruhusiwa kumtoza mgeni. Askofu Ambrose wa Milano, aliyefariki 397, alilieleza kwa ukali: panapohalalika vita, ndipo panapohalalika riba. Yaani riba ni silaha, na silaha haielekezwi kwa ndugu. Wallahi niliposoma hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya kidogo.

Na watu waliogopa kweli. Katika mji wa Padua, Italia, tajiri Enrico Scrovegni alijenga kanisa dogo lililowekwa wakfu mwaka 1305, akamwita Giotto alipake michoro ambayo mpaka leo watalii hupanga foleni kuiona. Babake, Reginaldo, alikuwa mkopeshaji maarufu, na mshairi Dante alimweka motoni pamoja na wala riba wengine, kila mmoja na mfuko wake wa pesa umening'inia shingoni. Wanahistoria wengi wanaamini kanisa lile lilikuwa kafara.

Milango ya pembeni

Lakini biashara haikusimama. Meli za Venice zilitaka mtaji, wafalme walitaka pesa za vita. Wayahudi, ambao ufundi na ardhi walifungiwa karibu kila mahali, walisukumwa kwenye ukopeshaji, kisha wafalme wakawakamua kodi, na Uingereza ikawafukuza wote mwaka 1290. Wakristo wenyewe nao walikuwa wanakopesha. Wanachuoni wa Kanisa wakaanza kupambanua. Riba ni haramu, sawa. Lakini je, mkopaji akichelewa kulipa na mkopeshaji akapata hasara? Hiyo fidia si riba. Na kama pesa zile angezifanyia biashara akapata faida, sasa ameikosa kwa sababu ya kukukopesha? Hapa walibishana karne nzima, mwishowe wengi wakakubali. Fidia hii waliiita kwa Kilatini *interesse*, maana yake kilichoko katikati, yaani tofauti baina ya hali yake ilivyo na ambavyo ingekuwa. Jina ambalo benki za Ulaya zinalitumia leo kwa riba lilizaliwa likiwa jina la kitu ambacho si riba.

Mlango mwengine ulikuwa kununua mapato. Badala ya kukukopesha, nakupa pesa na wewe unaniuzia haki ya kupokea kiasi fulani kila mwaka kutoka shamba lako. Papa Martin wa Tano aliukubali mkataba huo mwaka 1425. Mlango wa tatu ulifunguliwa kwa nia njema kabisa. Mapadri Wafransisko, kwa kuwahurumia maskini walionyonywa, walianzisha nyumba za rehani, ya kwanza ikifunguliwa Perugia mwaka 1462, zilizokopesha kwa malipo madogo ya kulipia wafanyakazi na jengo. Watawa wengine wakapiga kelele kwamba hiyo ni riba iliyovaa kanzu. Mwaka 1515 Mtaguso wa Tano wa Laterano ukaamua ni halali.

Mwaka huo huo mwanachuoni Johann Eck alikwenda Bologna, kwa gharama ya matajiri wa Augsburg wa ukoo wa Fugger, kutetea kitu kilichoitwa mkataba wa mara tatu. Wale mliosoma muamalat hapa mtatabasamu. Mkataba wa kwanza ni wa ushirika: mimi natoa mtaji, wewe unafanya kazi. Wa pili ni bima: wewe unanidhamini mtaji wangu usipotee, mimi nakupunguzia mgao wangu. Wa tatu ni mauzo: faida yangu iliyobaki, ambayo haijulikani, nakuuzia kwa kiasi kinachojulikana, asilimia 5 kwa mwaka. Kila mmoja ukiutazama peke yake hauna neno. Viunganishe vyote, na ulichonacho ni mkopo wa riba ya asilimia 5. Papa Sixtus wa Tano aliulaani mwaka 1586, lakini wakati huo ulikuwa umeshaota mizizi.

Mwaka wa 1545

Nataka tusimame kidogo hapa, manake mwaka huu ulinishangaza.

Kuna barua ya John Calvin, mwanamageuzi wa Geneva, ambayo huwekwa mwaka 1545. Rafiki yake alimuuliza kuhusu riba, naye akajibu bila kuzunguka: hakuna andiko linalokataza riba yote moja kwa moja. Ile ya Musa ilikuwa sheria ya dola ya Israili, dola imekwisha, kinachobaki ni haki na upendo. Na ile hoja kwamba pesa hazizai akaipuuza. Alisema tajiri anayenunua shamba kwa pesa anapata mavuno, basi pesa zimezaa. Kwa ufupi, aliitoa riba fungu la maadili akaiweka fungu la hukumu. Aliongeza masharti: usimtoze maskini, wala usiifanye kuwa kazi yako ya kuishi.

Mwaka huo huo bunge la Uingereza chini ya mfalme Henry wa Nane lilipitisha sheria ya kuruhusu hadi asilimia 10. Jina la sheria? Sheria dhidi ya riba! Ikafutwa mwaka 1552 na ikarudishwa 1571 chini ya Malkia Elizabeth, na hiyo ya 1571 yenyewe ndani yake inakiri kwamba riba imekatazwa na sheria ya Mungu na ni dhambi, kisha inaendelea kuipangia kiwango. Uingereza iliondoa mipaka yote mwaka 1854.

Na kwetu je? Mwaka 1545 vilevile, huko Istanbul, Ebussuud Efendi aliteuliwa kuwa Sheikhul-Islam wa dola ya Uthmaniya, akawa ndiye mtetezi mkubwa wa waqfu wa pesa taslimu. Pesa zinawekwa waqfu, wanakopeshwa watu kwa hila za kisheria zenye nyongeza, mara nyingi karibu asilimia 10, na mapato yanalipia msikiti, madrasa na chakula cha maskini. Mwanachuoni Çivizade aliupinga, na Birgivi, aliyefariki 1573, akaandika kuukataa kabisa. Ebussuud hakusema riba ni halali. Alisema watu wameshaizoea mikataba hii na ukiifuta, misikiti na madrasa zitafungwa. Sikutaka kuliandika hili, lakini nikiliacha nitakuwa nimepima kwa mizani mbili.

Wala si mbali huko. Hapa hapa pwani na Unguja, karne ya 19, mwenye shamba la karafuu aliyetaka pesa hakuandikiwa riba. Alifanya bai-khiyar: anamuuzia tajiri shamba kwa sharti la kulikomboa, kisha anabaki humo humo akilipa kodi ya kukaa kwenye shamba alilolizaliwa. Hesabu ile kodi, utaona ni nini. Na Misri, mwaka 1989, Mufti Muhammad Sayyid Tantawi alitoa fatwa ya kuruhusu vyeti fulani vya uwekezaji vya benki vyenye faida maalumu, na maulamaa wengi wakamrudi.

Katazo lililobaki kwenye karatasi

Kanisa Katoliki halikufuata njia ya Calvin. Mwaka 1744 palikuwa na mzozo huko Verona, mji ulipokopa kwa asilimia 4 na msomi Scipione Maffei akaandika kitabu kuitetea. Papa Benedict wa Kumi na Nne akajibu tarehe 1 Novemba 1745 kwa waraka Vix pervenit: chochote kinachodaiwa juu ya mkopo kwa sababu ya mkopo wenyewe ni riba na ni dhambi, kiwe kidogo au kikubwa, mkopaji awe tajiri au maskini. Ila akaacha wazi kwamba huenda kukawa na sababu nyengine, za nje ya mkopo, za kudai zaidi.

Kupitia upenyo huo ndiko karne ya 19 ilikopita. Mapadri waliuliza Roma: muumini anakuja kuungama, amepokea faida ya halali ya serikali, tumfanyeje? Kati ya 1822 na 1836 jibu likawa lile lile kila mara: asisumbuliwe, mradi yuko tayari kutii Kanisa litakapoamua. Uamuzi wenyewe haukuja kwa namna waliyoingojea. Mwaka 1917 kitabu kipya cha sheria za Kanisa kikasema kwamba kukubaliana juu ya faida inayoruhusiwa na sheria ya nchi si vibaya, isipokuwa ikizidi mno. Waraka wa 1745 haujafutwa mpaka leo.

Sasa, ilibadilika au haikubadilika? Wakatoliki wengi wanasema kanuni ni ile ile, kilichobadilika ni pesa: zamani pesa zilikaa sandukuni kama nafaka, leo ni mtaji unaofanya kazi. John Henry Newman, mwaka 1845, aliandika kitabu kuonyesha jinsi mafundisho yanavyoweza kukua kama mti bila kuwa kitu chengine, na wengi wanaegemea hapo. John Noonan, Mkatoliki na jaji wa Marekani, aliyeichambua historia hii ya riba mwaka 1957, alirudi mwaka 2005 na kitabu chengine akisema wazi: Kanisa lilibadilika, katika riba, katika utumwa, na katika uhuru wa dini, na ni afadhali kukiri.

Mimi kwa ufahamu wangu mdogo namuona Noonan mkweli zaidi. Hoja ya pesa kubadilika ina uzito kwa Fugger wa Augsburg na kwa mji wa Verona. Hao walikopa ili wapate zaidi. Lakini yule wa Kutoka mlango wa 22 ni maskini anayekopa ili ale, na yeye hajabadilika. Upenyo ulikatwa kwa kipimo cha mfanyabiashara, kisha akapitishwa humo humo na mama anayedaiwa ada ya shule. Hata Calvin, aliyeruhusu, alimkataza mkopeshaji asimguse huyo. Sharti lake ndilo lililosahaulika kwanza.

Nilimpa mwenzangu daftari lenye haya yote. Alilisoma usiku mmoja, akaenda nalo kwa padri wa chuo. Padri alimwambia kwamba Vix pervenit alifundishwa seminari kwa dakika kama kumi hivi, na akamuomba alipige kopi daftari. Mamake alimaliza kulipa mwezi wa Novemba, baada ya kuuza cherehani.

Ramadhan iliyofuata, mwenzangu ndiye aliyekuwa akiniamsha daku, manake simu yangu siisikii. Asubuhi moja nakula viazi karai vya jana, yeye amejifunika blanketi, akaniuliza, "Hizi benki zenu za sharia zilizofunguliwa hapa Kenya tangu 2008, ukitaka gari, wanalinunua wao kwanza kisha wanakuuzia kwa bei ya juu, unalipa pole pole?"

Nikamwambia ndiyo, inaitwa murabaha.

"Na ile bei ya juu, wanaipiga hesabu kwa kuangalia nini?"

Adhana ya alfajiri ikatoka. Nikamwambia, bwana, nipe muda.